Tarehe ya Baa za Dar es Salaam na Majina Yake

Mwaka 1978 wanamuziki waliotoka bendi za Juwata na Dar International walianza kupiga pamoja katika baa iliyokuwa jirani na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baa iliitwa Mlimani Park, na bendi ikachukua jina la baa. Walikuwamo Muhiddin Maalim Gurumo, Abel Balthazar na Michael Enoch, na mwajiri wao alikuwa kampuni ya teksi na usafirishaji, TTTS. Mwaka 1983 bendi ikaingia mikononi mwa DDC, shirika la biashara la jiji, na makao yake yakawa Kariakoo. Baa waliihama, jina hawakuliacha. Hadi leo ni DDC Mlimani Park Orchestra, ingawa mpenzi wa kweli hatamki maneno yote hayo. Husema Sikinde, jina la ngoma ya Kizaramo, na kila mtu anamwelewa.

Katika jina hilo moja wamo shirika la jiji, baa ya pembezoni na wenyeji Wazaramo. Majina mengi ya starehe za Dar es Salaam yako hivyo. Mwenye leseni hutundika kibao chake, lakini linaloshika ni lile lililokubaliwa na wanywaji, wanamuziki na, baadaye, makonda. Anayeyafuatilia majina hayo atajua kila zama mji ulikuwa wa nani jua likishazama.

Wajerumani walipoufanya mji huu makao makuu yao mwaka 1891, bia haikuchelewa kufuata. Kiwanda cha Schultz kiliipika humu humu mjini, na Wazungu wakaenda kuinywa Kaiserhof, hoteli iliyopewa jina la kumtukuza mfalme wao. Vita vya Kwanza vilipokwisha, Waingereza hawakuvumilia jina hilo, wakaiita New Africa. Barabara ya karibu nayo ilipitia mkondo ule ule: Unter den Akazien ya Wajerumani ikawa Acacia Avenue ya Waingereza, Uhuru ukaifanya Independence Avenue, na sasa ni Samora. Jengo la zamani la hoteli lilishavunjwa na ghorofa jipya limesimama hatua chache kutoka sanamu ya Askari, lakini jina la New Africa limevuka tawala zote zilizofuata.

Mwafrika wa Kariakoo au Ilala enzi za ukoloni hakuwa na kibao cha kusoma. Sheria za Waingereza za miaka ya 1920 zilimfungia kwenye pombe za kienyeji, zikauzwa mahali palipopewa leseni, chini ya jicho la serikali ya mji iliyojipatia mapato hapo. Bia ya chupa na pombe kali havikuwa vyake. Walioshika biashara ya pombe walikuwa wanawake. Walinunua nafaka, wakachachusha, wakapika, wakalipia kibali na kuuza kwa kata. Kilabu kiliitwa kwa mtaa wake au kwa mama aliyepika, na mama akifa au akihama, jina liliondoka naye. Hii ndiyo sehemu ya tarehe hii inayonisikitisha kuliko zote. Mahoteli ya Wazungu yaliachwa na picha, kadi za posta na matangazo. Vilabu vilivyoendeshwa na wanawake wale havikuachiwa chochote, na vilikuwa ndivyo vingi.

Dar es Salaam ilikuwa na kiwanda chake cha bia cha Waingereza tangu 1933, lakini mlango wa baa ulianza kumfungukia Mwafrika baada ya Vita vya Pili tu, bia kwanza, pombe kali baadaye kabisa. Hapo ndipo mitaa ya Kariakoo, Ilala na Magomeni ikaanza kuwa na baa zenye kaunta, viti na jina ukutani. Pamoja nazo zikaja kumbi za dansi. Ukumbi maarufu kuliko zote ulijengwa Mnazi Mmoja kwa fedha za George Arnautoglu, Mgiriki aliyetajirika kwa mkonge. Jina lake liliandikwa kwa ukamilifu, lakini halikukaa vizuri kinywani mwa watu wa Gerezani na Kisutu, nao wakalinyoosha: Anatoglo. Dar es Salaam Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1932, na baada yake Western Jazz na Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, wote ni watu wa zama za Anatoglo. Mimi naliona hilo kuwa jina sahihi la ukumbi ule. Tajiri alitoa fedha, ni kweli, lakini waliocheza mle usiku kucha ndio walioupa jina linalotamkika.

Baada ya Uhuru jambo jipya likazuka: vyama na mashirika ya umma yakawa na bendi. Sababu haikuwa mapenzi ya muziki peke yake. Magitaa, vipaza sauti na ngoma za kisasa viliagizwa nje kwa fedha za kigeni, na wanamuziki wachache mno wangeweza kuvinunua. Aliyekuwa na vyombo ndiye aliyekuwa na bendi, naye akaipa jina lake. Wanamuziki wakawa waajiriwa wenye mshahara wa mwezi. Chama cha wafanyakazi NUTA kilianzisha NUTA Jazz mwaka 1964. Chama kilipobadilika kuwa JUWATA, bendi ikawa Juwata Jazz. Kilipokuja kuwa OTTU mwaka 1991, ikawa OTTU Jazz. Mabadiliko mawili ya siasa za wafanyakazi, na kila mara mchoraji aliitwa kufuta maandishi ya zamani kwenye ngoma na kuandika mapya. Wapenzi wao hawakuhangaika na hayo. Kwao ilikuwa Msondo tangu zamani, na leo bendi yenyewe inajiita Msondo Ngoma, bila chama chochote mbele wala nyuma.

Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala, na ukumbi wa Vijana pale Kinondoni ulijulikana kwa jina hilo. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi yake, UDA iliyobeba abiria wa jiji ikawa na yake, shirika la bima likawa na Bima Lee. Amana ya Ilala, DDC Kariakoo, DDC Magomeni Kondoa: kumbi hizo zilikuwa ramani ya dola iliyoingia hadi kwenye burudani. Usiseme zilikuwa baridi kwa sababu hiyo. Wanaozikumbuka husimulia namna watu walivyokuja na mavazi ya kupigwa pasi, namna mashabiki wa Msondo na wa Sikinde walivyotambiana wiki nzima kazini, na namna wimbo mpya ulivyojaribiwa kwanza mbele ya watu kabla ya kurekodiwa Radio Tanzania. Baa ilikuwa ndiyo studio ya mazoezi, na mnywaji ndiye mhakiki wa kwanza.

Upande wa pili walikuwapo wafanyabiashara. Hugo Kisima alikuwa na Orchestra Safari Sound, na jina la Safari Resort ya Kimara likatajwa pamoja nayo. Bendi ya Maquis du Zaire, waliofika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, walitikisa White House ya Ubungo. Tazama majina yenyewe: Park, Resort, White House, na Silent Inn njia ya Mwenge. Ubungo na Kimara zilikuwa nje ya mji, kuna miti, upepo na giza la kutosha. Mtu aliyetoka Kariakoo kwenda Kimara Jumamosi alikuwa anasafiri hasa, na majina hayo yaliahidi safari hiyo: bustani, mapumziko, ukimya. Wenye baa walijua wanauza nini. Leo maeneo hayo ni katikati ya foleni, na kijana akisikia kwamba Kimara palikuwa mahali pa kwenda kupunga upepo hukuangalia mara mbili.

Kisha ikaja dhiki ya miaka ya mwanzo ya 1980. Vita vya Kagera vilikuwa vimekausha hazina, mafuta yalikuwa haba kiasi kwamba magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili alasiri, na bia ilipatikana kwa mgao. Katika miaka hiyo sifa ya baa ilitegemea jambo moja tu, nalo lilikuwa kama kreti zimeingia. Habari za bia zilipita mitaani haraka, na zilipita kwa majina. Hukuweza kusema “ile baa mpya yenye kibao cha bluu”, ilibidi utaje jina ambalo mwenzako analijua. Naamini dhiki hiyo ilikaza majina ya zamani vichwani mwa watu kuliko tangazo lolote.

Mwaka 1983 mabasi ya watu binafsi yakaruhusiwa rasmi, yakaitwa daladala, na konda akawa mtoa majina mkuu wa jiji. Konda anahitaji alama ambayo abiria wote wanaijua, tena ya silabi chache. Msikiti, kanisa, mwembe, kiwanda, bucha, baa, chochote. Sinza ndiyo iliyojaa mifano. Kuna kituo cha Kwa Remmy, kwa sababu Remmy Ongala wa Super Matimila aliishi pale. Alifariki Desemba 2010 na kituo kinaendelea kuitwa kwake. Kuna Afrika Sana, kuna Meeda, kuna Kamanyola, majina ya baa ambayo yameacha kuwa ya baa. Kamanyola ni mji wa Kongo, tena ni jina la mtindo wa Maquis, na sasa ni mahali pa kushukia. Mama wa Kiislamu ambaye hajawahi kuonja bia maishani mwake anamwambia konda “Kamanyola, shusha”, anashuka na kikapu chake cha mboga, wala hakuna ajabu yoyote. Jina limetakaswa na matumizi.

Miaka ya 1990 umiliki ulibadili mikono tena. Kampuni ya bia ya taifa, iliyotwaliwa na serikali baada ya Azimio la Arusha la 1967, iliuzwa nusu yake kwa Waafrika Kusini mwaka 1993. Bia ikajaa, na zikaja rangi. Kampuni ziligharamia vibao vya baa, zikapaka kuta rangi ya bia zao, na jina la mwenye baa likasogezwa chini kwa herufi ndogo. Ukipita barabara fulani ulikuta baa kumi zinazofanana kama sare za shule. Grosari, zile baa ndogo za mtaani zenye friji, meza nne na mchoma mishikaki mlangoni, ziliongezeka kila kona. Park na Garden zikapungua, Pub zikaongezeka, na baadaye Lounge. Yalipoisha mashirika ya umma, viwanja vya dansi vilikwenda kwa wenye bendi binafsi, na Mango Garden ya Kinondoni ikawa nyumbani kwa bendi ya Twanga Pepeta.

Hata mahoteli makubwa hayakupona. Kilimanjaro ilifunguliwa mwaka 1965, fahari ya taifa changa, na wengi wanaukumbuka muziki wa juu kule ukiangalia bandari. Ilikuja kuwa Kempinski, kisha Hyatt Regency. Dereva teksi uliyemwambia “Kempinski” alijibu “Kilimanjaro?” ili kuhakikisha. Wenye hoteli walilazimika kulisikia hilo, kwa kuwa jina la Kilimanjaro limo katika jina rasmi la hoteli hiyo.

Mwaka 2017 nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kibaha, zilibomolewa kwa ajili ya upanuzi. Makazi yalikwenda, maduka yalikwenda, na sehemu za starehe pia. Hata hivyo, mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza Mei 2016, yamechukua majina ya mitaani na kuyaandika kwenye vioo vya vituo: Urafiki, Tip Top, Argentina, Mwembechai, Mapipa. Majina ya midomoni yamepigwa chapa na serikali, na naona ni jambo jema.

Ila majina yaliyobaki kituoni ni machache kuliko yaliyopotea. Yapo mahali pa kuyatafuta. Sheria ya vileo ya mwaka 1968 ilitaka kila baa iwe na leseni, na leseni huacha daftari. Magazeti ya Uhuru na Mzalendo yalitangaza dansi za mwisho wa wiki, bendi na ukumbi. Kisha wapo watu ambao kwa kawaida hatuwaulizi. Waandishi wamewahoji wapiga gitaa na waimbaji, wakafanya vyema. Wahudumu wa baa wa Ilala, Magomeni na Kinondoni wa miaka ya 1970, wanawake waliobeba trei kuanzia jioni hadi bendi inafunga vyombo, wengi wao ni bibi sasa. Wao ndio waliojua nani alimiliki nini, nani alimuuzia nani, kibao kilibadilishwa lini na kwa nini. Anayetaka kuandika tarehe hii kwa ukamilifu na aanze kwao, mwaka huu.