Redio Agatashya na Hadhi ya Kinyarwanda katika Kivu, 1994–1996

Katika historia ya redio za Maziwa Makuu, aghalabu hutajwa ile iliyochochea mauaji, na husahauliwa ile iliyoitumia lugha hiyo hiyo kuwasaidia watu. Makala haya yanakusudia kuikumbuka hiyo ya pili.

Kinyarwanda ni lugha ya taifa nchini Rwanda. Ukivuka mpaka na kuingia Goma, hadhi yake hubadilika: haimo miongoni mwa lugha nne za taifa la Kongo, yaani Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba, ingawa huko Rutshuru na Masisi wapo Wakongomani waliozaliwa nayo. Siasa nayo iliwatikisa baadhi ya wasemaji wake. Sheria ya mwaka 1972 iliwapa uraia wahamiaji waliokaa Kivu tangu kabla ya 1950; ile ya 1981 ikaufuta. Ni dhahiri, basi, kwamba lugha ya wachache haitambulishwi kwa idadi ya wasemaji peke yake, bali pia kwa nafasi waliyopewa.

Julai 1993 RTLM ilianza kutangaza mjini Kigali, na mwaka uliofuata ikahimiza, kwa Kinyarwanda, mauaji ya Watutsi. Julai 1994 wakimbizi wapatao milioni moja waliingia Goma kwa siku chache tu. Kambi za Mugunga, Kibumba na Katale zikafurika, na kipindupindu kikaua maelfu kwa maelfu. Uvumi nao ukaenea.

Agosti mwaka huo, waandishi wa habari wa Uswisi, chini ya mwavuli wa Reporters sans frontières, walianzisha Redio Agatashya mjini Bukavu. Ilitangaza kwa Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, ikitoa habari zisizoegemea upande wowote pamoja na taarifa za misaada kwa wakimbizi. Mwaka 1995 waanzilishi wake waliunda Fondation Hirondelle ili kuiendeleza.

Jina lenyewe lina mafunzo kwa mwanaisimu. *Intashya* ni mbayuwayu. Kiambishi cha udogo ni *ka-*, ambacho Kiswahili cha kwetu hukitumia katika *katoto*. Katika Kinyarwanda, /k/ hugeuka /g/ mbele ya silabi inayoanza na /t/, kwa mujibu wa Kanuni ya Dahl. Ndipo tukapata *agatashya*, mbayuwayu mdogo.

Mwishoni mwa Oktoba 1996 vita viliifikia Bukavu, na redio ikanyamaza. Februari 2002 Fondation Hirondelle, ikishirikiana na Umoja wa Mataifa, ilizindua Redio Okapi, iliyotangaza kwa Kifaransa na lugha nne za taifa. Kiswahili kilipata jukwaa kubwa, Kinyarwanda hakikuwamo.

Katiba ya 2006 inazihesabu lugha nyinginezo kuwa urithi wa utamaduni ambao dola inapaswa kuulinda. Lakini ulinzi wa karatasini hautoshi. Kinyarwanda hakikuwa na hatia katika maneno ya RTLM, kama ambavyo hakikustahili sifa kwa maneno ya Agatashya. Wenye kuwajibika ni wasemao. Hata hivyo, lugha inayonyimwa chombo cha habari cha kuaminika huwaachia wasemaji wake uvumi, na katika Kivu uvumi umekwisha kuua.