Nyutroni mbili za ziada

Usiku mmoja wa Februari 1940, mvua ikimwagika mjini Berkeley, California, polisi waliokuwa wakimsaka muuaji walimkamata kijana aliyekuwa akitembea peke yake, ndevu hajanyoa, macho yamewiva kwa kukosa usingizi. Walipojiridhisha kuwa siye, wakamwachia. Alikuwa Martin Kamen, mkemia, akitoka kuupiga unga wa grafaiti kwa viini vya haidrojeni nzito katika mashine ya saiklotroni. Sampuli alikuwa amemwachia mwenzake, Sam Ruben, mezani.

Kaboni tunaijua sote: iko kwenye mkaa, masizi, kalamu ya risasi na miili yetu. Kiini cha atomu yake kina protoni 6, na nje yake kuna elektroni 6. Protoni hizo zikiongezeka au kupungua, hiyo si kaboni tena. Nyutroni ndizo zinazoweza kutofautiana. Karibu asilimia 99 ya kaboni duniani ina nyutroni 6, na asilimia 1 hivi ina 7. Kamen na Ruben walitafuta yenye 8, ambayo wataalamu wengi waliamini kwamba hata ikipatikana haitadumu.

Ruben aliichoma ile sampuli ikawa gesi, akaigeuza kuwa chokaa, akaipima. Februari 27 ikawa wazi kwamba mionzi ipo, hafifu mno lakini ipo. Hiyo ndiyo kaboni-14. Nyutroni yake moja hugeuka protoni, elektroni ikachomoka, na atomu yenye protoni 7 ikawa naitrojeni. Mabadiliko hayo huenda polepole sana: nusu ya kaboni-14 huisha katika miaka kama 5,730.

Aliyeutambua umuhimu wa kasi hiyo ndogo ni Willard Libby wa Chuo Kikuu cha Chicago. Mionzi ya angani hutengeneza kaboni-14 hewani kila siku, mimea huivuta, wanyama huila. Kiumbe akifa, hapokei tena, na iliyomo huanza kupungua; kwa hiyo kiasi kilichobaki huonyesha amekufa zamani gani. Mwaka 1947 kundi lake lilipima methani ya majitaka ya Baltimore, likakuta kaboni-14. Methani ya petroli, iliyozikwa mamilioni ya miaka, haikuwa nayo. Kisha wakapima mbao za kaburi la farao Djoser wa Misri, ambazo umri wake ulikuwa ukijulikana, na hesabu ikakaribiana. Matokeo yalichapishwa mwaka 1949. Libby akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1960, na aliistahili.

Linaloniuma ni yaliyowapata wale wawili. Ruben alifariki mwaka 1943 kwa gesi ya fosijeni aliyokuwa akiifanyia utafiti wa kivita, akiwa na miaka 29. Kamen alifukuzwa kazi mwaka 1944 kwa shuku ya kuvujisha siri, akanyimwa pasipoti, akahangaika miaka mingi kulisafisha jina lake. Serikali ya Marekani ilimkabidhi Tuzo ya Enrico Fermi mwaka 1996, akiwa ameshapita miaka 80.