Waliosukuma na Waliovuta: Kasi ya Muziki kutoka Dallas hadi Mburahati

Nyumba nyingi za kupanga za Vickery Meadow, kaskazini-mashariki mwa Dallas, hazikujengwa kwa ajili ya watoto. Leo ukipita jioni utawakuta wamejaa uwanjani, wengine wakiitana kwa Kiswahili cha Bukavu au kile walichokulia nacho kambini Nyarugusu. Lakini katika miaka ya 1970 wenye nyumba waliwatafuta vijana wasio na ndoa, wenye mshahara na hamu ya kutoka usiku. Kumbi na baa za Greenville Avenue zilikuwa jirani tu, na mwenye mtoto aliambiwa wazi atafute kwingine. Sheria ya mwaka 1988 ilipokataza ubaguzi huo, uchumi wa Texas ulikuwa umeyumba na vijana wameanza kuhama. Kodi zikashuka, wahamiaji na wakimbizi wakaingia. Mtaa unaosifiwa leo kwa wingi wa lugha zake ulianza kama bweni la watu wa disko.

Disko lenyewe lilikuwa na makao yake makuu katikati ya jiji. Mwaka 1984 Starck Club ilifunguliwa kwa maonyesho ya Grace Jones na Stevie Nicks, ndani ya ukumbi uliobuniwa na Mfaransa Philippe Starck. Humo Texas ilicheza muziki wa elektroniki wa Ulaya ambao redio zake hazikuwa zikiugusa. Wanaoandika historia ya ukumbi huo hukimbilia kidonge cha ecstasy, kilichouzwa waziwazi hadi serikali ilipokipiga marufuku Julai 1985. Hadithi hiyo imeshachoka. Ukumbi ulifungwa mwaka 1989, na kilichodumu ni kidude kidogo kilichokuwa chini ya vidole vya ma-DJ wa zama zile.

Mashine ya santuri ya Technics SL-1200MK2, iliyotoka mwaka 1979, ina kidude cha kusogeza pembeni. Ukikivuta au kukisukuma, santuri huongeza au kupunguza mwendo hadi asilimia 8. Kazi yake ni ya adabu tu: kulinganisha nyimbo mbili ili moja iishie ndani ya nyingine na mchezaji asipoteze hatua. Wahuni wa miji mitatu waliona uwezekano mwingine.

Wa kwanza ni London. Muziki wa garage ulichukua jina kutoka Paradise Garage, ukumbi wa New York alikotawala DJ Larry Levan kuanzia 1977 hadi 1987. Santuri za New York na New Jersey zilipofika London mwanzoni mwa miaka ya 1990, ma-DJ wa kule waliziona zimelala. Masikio ya vijana wao yalishazoea jungle, muziki wa mbio, kwa hiyo wakaongeza kasi. Baadaye watayarishaji wa London wakaanza kutengeneza nyimbo zao kwa mwendo ule ule uliochakachuliwa, mapigo 130 hivi kwa dakika, wakazitawanya kupitia redio zisizo na kibali zilizoficha antena juu ya maghorofa. DJ EZ alipita njia hiyo: redio ya magendo ya Freek FM, kisha Kiss, kisha mfululizo wa albamu za Pure Garage kuanzia mwaka 2000. Februari 2016 alipiga muziki saa 24 mfululizo kuchangia utafiti wa saratani. Mtindo ulioanza kwa kuharakisha santuri za wenzao ukampatia mtu kazi ya maisha.

Houston ilikwenda kinyume. Ni mwendo wa saa nne hivi kwa gari kutoka Vickery Meadow, lakini kwa muziki ni bara jingine. Robert Earl Davis Jr., aliyejulikana kama DJ Screw, alizaliwa mwaka 1971, na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 akawa anapunguza mwendo wa rap mpaka sauti za vijana zinakuwa nzito kama za wazee wa baraza. Aliweka nakala mbili za wimbo mmoja, moja ikiwa nyuma kwa pigo moja, akaruka kutoka hii kwenda ile ili neno lijirudie. Kisha mchanganyiko mzima ukaingia kwenye kanda na kupunguzwa kasi tena. Marafiki zake wa kusini mwa Houston walikuja nyumbani kwake kughani usiku kucha. Wengine waliagiza kanda ya siku ya kuzaliwa, majina yao yatajwe humo. Wanunuzi walipanga foleni nje hadi, inasimuliwa, polisi wakashuku kuna biashara nyingine. Mwaka 1998 akafungua duka.

Wengi husema ule upole ulitokana na dawa ya kikohozi yenye kodeini, ambayo kweli ilichangia kifo chake Novemba 2000 akiwa na miaka 29. Sikubaliani nao. Mwenyewe alieleza kuwa alitaka msikilizaji asikie kinachosemwa, na ukisikiliza kanda zake utaona: neno lililopita kama risasi linasimama, linakutazama.

Na Dar es Salaam? Huko waliona hata kasi ya London ni ya kwenda msibani. Mchiriku wa miaka ya 1990, na vinanda vyake vya Casio vya bei chee, ulikuwa tayari umezoeza Tandale na Manzese kelele za haraka. Kisha ma-DJ wa sherehe za vigodoro wakachukua vipande vya ala za taarabu, wakavizungusha na kuvikimbiza hadi mapigo 200 kwa dakika na zaidi, MC akighani juu yake asimeze mate. Hiyo ndiyo singeli. Asilimia 8 za Technics hazikuwahusu. Wao walikuwa na kompyuta, na kompyuta haina kikomo cha aibu. Msaga Sumu akaitwa mfalme wake mtaani, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso kutoka studio ya Mburahati. Ghafla vijana wa uswahilini wakawa wanapanda majukwaa ya Ulaya, mbele ya watu waliokulia kwenye garage na bado wakatoka jasho kuwafuata.

Santuri za DJ Screw, zaidi ya 1,000, sasa zinatunzwa na maktaba ya Chuo Kikuu cha Houston, mtafiti anaweza kuomba kuziona. Singeli ya miaka yake ya mwanzo ilihama kwa flashi na kadi za simu, na simu za Tandale hazidumu.