Salvia Nyekundu

Salvia nyekundu (Salvia splendens) ni ua la bustani lenye asili ya Brazili, la familia moja na mnanaa, mrehani na kivumbasi. Jenasi yake ina spishi karibu 1,000, lakini ni chache zinazoweza kushindana nayo kwa ukali wa rangi.

Asili

Kwao ni milima ya kusini-mashariki mwa Brazili, ambako huweza kupita urefu wa mita 1. Miongoni mwa walioikusanya mapema ni Friedrich Sellow, Mjerumani aliyefika Brazili mwaka 1814. Jina la kisayansi lilichapishwa mwaka 1822.

Umbile

Shina lina pembe nne, na majani yenye kingo za msumeno hukaa mawili mawili yakielekeana. Maua hupangika kwenye shuke lililosimama wima.

Siri ya uzuri wake imo katika sepali. Kwa maua mengi sepali ni za kijani. Kwa salvia hii nazo ni nyekundu pyu. Petali, zilizoungana kuwa mrija mwembamba, hudondoka baada ya siku chache, ilhali sepali hubaki na rangi kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana shuke huonekana limechanua hata petali zote zikiwa zimekwisha kuanguka. Ukiipasua sepali iliyokauka utakuta mbegu zisizozidi 4, za rangi ya kahawia.

Mrija huo umeumbwa kwa mdomo wa ndege-mvumaji wa Amerika. Katika bustani za Afrika Mashariki, wasikokuwapo ndege hao, chozi ndiye anayekuja kufyonza nekta.

Zipo pia aina za zambarau, waridi na nyeupe, na fupi za sentimita 30 hivi, kama ‘Blaze of Fire’. Hata hivyo, nyekundu ndiyo yenye fahari.

Kuotesha na kutunza

Mbegu huhitaji mwanga ili ziote, hivyo hazifukiwi: hutawanywa juu ya udongo laini wenye unyevu na kugandamizwa kidogo kwa kiganja. Katika joto la nyuzi 20 hadi 25 za Selsiasi huota ndani ya wiki 2 hivi. Miche michanga huungua kwa chumvi za mbolea, kwa hiyo isipewe mbolea kali. Ikishapata jozi 3 au 4 za majani, ncha ya juu hukatwa ili itoe matawi, kisha huhamishiwa bustanini kwa nafasi ya sentimita 25 hadi 30.

Udongo wenye mboji na unaopitisha maji ndio unaofaa. Kwenye nyanda za juu, kama Nairobi na Arusha, hustahimili jua la kutwa. Kwenye joto la pwani hunawiri zaidi ikipata kivuli cha alasiri. Mashuke yaliyochakaa yakatwe, mengine yachipue.

Ulaya hupandwa upya kila mwaka kwa kuwa jalidi huiua. Pasipo na jalidi huishi zaidi ya mwaka, ingawa shina hukomaa na maua hupungua, hivyo ni vyema kuotesha vipandikizi vipya.

Kwenye vyungu

Chungu cha sentimita 15 hutosha mche mmoja, mradi kina matundu chini. Udongo wa chungu hukauka upesi: uguswe kila asubuhi, na maji yaelekezwe kwenye shina badala ya kumwagiwa maua. Mbolea ya maji iliyozimuliwa hutolewa kila baada ya wiki 2.

Waharibifu

Wanaoishambulia ni nzi weupe, vidukari, utitiri na konokono.

Jamaa zake

Salvia coccinea, ya Amerika, ina mashuke membamba zaidi na imeota kienyeji sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki. Salvia elegans, ya Meksiko na Guatemala, ina majani yanayonukia nanasi.

Leo

Wanasayansi wa China walichapisha jenomu ya salvia nyekundu mwaka 2018. Kwenye vitalu huuzwa zaidi aina fupi. Mnunuzi achague miche yenye matawi na majani ya kijani kibichi ambayo bado haijachanua. Hiyo ndiyo hushika upesi.