Theluji na Barafu katika Picha za Kilimanjaro

Mwaka 1912 Wajerumani Fritz Klute na Eduard Oehler walipanda Kilimanjaro. Kutokana na picha zilizopigwa huko, Klute alichora ramani ambayo watafiti wangali wakiitumia kupimia barafu ya mlima huo: takriban kilomita 12 za mraba. Kufikia mwaka 2011 zilikuwa zimesalia chini ya 2.

Picha zilizopigwa baina ya miaka hiyo ni nyingi mno, wala si zote zifaazo kuwa ushahidi. Iliyopigwa wakati wa masika huonyesha kilele cheupe pe; ya kiangazi, miezi michache baadaye, huonyesha mawe na majivu. Mwaka wa mvua nao haufanani na mwenziwe. Picha mbili za setilaiti, za Februari 1993 na Februari 2000, zilienezwa duniani zikiwa jozi. Mwezi ulikuwa mmoja, lakini sehemu kubwa ya weupe wa ile ya kwanza ilikuwa theluji ya juzijuzi tu.

Kiswahili kina maneno mawili hapa: theluji, kutoka Kiarabu, na barafu, kutoka Kiajemi, ambako (ajabu!) neno hilo humaanisha theluji hasa. Wasemaji wengi huyachanganya, na nani wa kuwalaumu, ilhali pwani haianguki theluji? Hata hivyo, katika maelezo ya picha ya Kilimanjaro tofauti hiyo ni ya lazima. Theluji huja na kuondoka na mvua. Barafu iliyoyeyuka tangu siku za Klute haijarudi. Nazo kadi nyingi za posta za mlima huo hazitaji mwezi.