Ekari Tano za Jeevanjee

Nina ugomvi mdogo na Alibhai Mulla Jeevanjee, ingawa alifariki mwaka 1936, kabla babu yangu hajafungua duka la ushonaji pale River Road. Mzaliwa wa Karachi, akatajirika kwa kuleta vibarua wa reli ya Uganda, akawajengea watu wa Nairobi soko. Halafu siku ya kuwapa bustani, mwaka 1906, akaenda kusimamisha humo sanamu ya nani? Malkia Victoria! Tena ikazinduliwa na mwana wa malkia mwenyewe, Duke wa Connaught.

Nikikumbuka siku zile zilivyokuwa, hasira hupoa. Mwaka 1902 tauni ilipoingia, wakuu waliitia moto bazaa ya Wahindi. Mwaka 1908 Lord Elgin, waziri wa makoloni wa Uingereza, akakata shauri kwamba Mhindi asigawiwe shamba katika Nyanda za Juu. Tukabaki mjini: duka chini, vyumba juu, nyuma kiua cha kuanikia nguo. Waafrika walibanwa zaidi, maana baadaye hata kutembea bila kipande cha utambulisho shingoni ilikuwa kosa. Katika mji uliogawanywa kwa rangi, ekari tano za nyasi katikati ya mitaa si haba.

Sisi Jumapili tulikwenda City Park, na mogo wa kukaanga, pilipili na ndimu, tukinyang'anyana na tumbili. Bustani ya Jeevanjee tuliipita tu, haraka, tukienda dukani.

Mwaka 1991 ukatoka mpango wa kujenga hapo maegesho ya magari ya ghorofa. Miaka miwili nyuma Wangari Maathai alikuwa amepinga jengo la ghorofa 60 katika Uhuru Park, akatukanwa hadi bungeni. Sasa akasimama Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, akakusanya saini. Shangazi yangu aligoma kutia yake. "Mhindi na siasa wapi na wapi, beta? Kesho watatuambia turudi kwetu." Simlaumu, alikuwa ameona ya Uganda mwaka 1972. Lakini wengine walitia, weusi kwa wahudhurungi, na mpango ukafa.

Leo saa saba mchana nyasi hazionekani kwa watu: karani kalala, viatu kavifanya mto, mhubiri anapaza sauti, wabishi wa siasa wamefunga duara. Waulize Jeevanjee ni nani. Wengi watakuonyesha matatu.