Kwa nini minyoo ya mbwa hurudi baada ya dawa?

Mbwa amepewa dawa ya minyoo, amekaa vizuri majuma machache, kisha anaanza tena kukonda. Wafugaji wengi husema dawa ilikuwa bandia. Inawezekana, lakini mara nyingi dawa ilifanya kazi na mbwa ameambukizwa upya hapo hapo nyumbani. Katika makala haya tunaeleza minyoo hiyo hutoka wapi na namna ya kuizuia.

Minyoo inayorudi kwa njia tofauti

Minyoo ya mviringo, inayofanana na tambi, huwapata watoto wa mbwa wakiwa bado tumboni mwa mama. Mayai yake hukaa kwenye udongo kwa miezi, hata miaka.

Minyoo ya safura hunyonya damu. Viluwiluwi vyake hupenya ngozi, na mama huweza kuwaambukiza watoto kwa maziwa.

Tegu wa aina moja huletwa na viroboto. Utaona vipande kama punje za mchele kwenye kinyesi au manyoya. Usipoua viroboto, tegu atarudi.

Tegu mwingine hutokana na maini na mapafu mabichi yenye mifuko ya maji. Huyu ni mdogo mno, hivyo si rahisi kumwona kwenye kinyesi. Mtu akimeza mayai yake, mifuko kama hiyo huota kwenye ini au mapafu yake, na huenda akahitaji upasuaji. Turkana, kaskazini mwa Kenya, inajulikana sana kwa ugonjwa huu.

Dawa na ratiba

Dawa moja haiui minyoo yote. Prazikwanteli huua tegu, lakini haiui minyoo ya mviringo wala ya safura. Mwulize mtaalamu wa mifugo dawa inayofaa, na mweleze kama mbwa ana mimba.

Kipimo hufuata uzito. Jipime ukiwa umembeba mbwa, kisha jipime peke yako. Tofauti ndiyo uzito wake. Usimpe dawa ya ng'ombe au mbuzi kwa kukisia, kwani inaweza kumuua.

Watoto wa mbwa huanza dawa wakiwa na wiki 2, kisha kila wiki 2 hadi wiki ya 8, pamoja na mama yao. Baada ya hapo ni kila mwezi hadi miezi 6, halafu kila miezi 3. Mbwa anayekula nyama mbichi ya machinjio huhitaji dawa ya tegu kila wiki 6.

Kazi ya nyumbani

Zoa kinyesi kila siku na ukifukie mbali na maji na bustani. Mayai ya minyoo ya mviringo huhitaji wiki 2 au zaidi kwenye udongo kabla ya kuambukiza, kwa hiyo ukiwahi umeyashinda. Ya tegu wa maini huambukiza papo hapo. Nawa mikono kwa sabuni ukimshika mbwa, hasa watoto kabla ya kula.

Mnapochinja, msimtupie mbwa maini au mapafu mabichi. Yachomeni au yafukieni kwenye shimo refu.

Wahi kwa daktari wa mifugo ukiona ufizi umekuwa mweupe, kinyesi ni cheusi au kina damu, au mtoto wa mbwa amevimba tumbo na hali chakula. Na mtu wa nyumbani akipata uvimbe tumboni unaokua polepole, aende hospitali na aseme kuwa anaishi na mbwa.